Vifaranga vya Mjomba

Nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa na mpango mmoja tu: kuandika riwaya. Mjomba alikuwa na mpango wake. Alichimba bwawa bondeni, chini kidogo ya kwetu Bagamoyo, hapa Tukuyu, akanituma stendi kupokea vifaranga vya sato. Walikuja kwenye mfuko wa nailoni wenye maji na hewa. Nikaubeba kama mtu aliyebeba mayai.

Masika ile mvua ilinyesha kama kawaida ya Rungwe, yaani bila huruma. Usiku mmoja ukingo ukabomoka. Asubuhi bwawa lilikuwa tope tupu, sato wameshukia kijitoni. Mimi nikalilia hela. Mjomba akasema, "Basi tu, mpwa wangu. Samaki ni samaki. Si wamerudi majini?"

Wamerudi? Walikuwa wametoka huku lini? Swali hilo likaniweka riwaya pembeni mpaka leo.

Hebu tuanzie Ziwa Victoria. Ukimwambia mtu wa Mwanza kwamba sato ni mgeni kule atakucheka, lakini ndivyo ilivyo. Wenyeji walikuwa ngege na mbiru. Nyavu za kisasa ziliingia ziwani mwaka 1905, ngege wakavuliwa mno, na Mwingereza Michael Graham alipolipima ziwa mwaka 1927 na 1928 tayari kilio kilikuwa kimeanza. Badala ya kubana nyavu, miaka ya 1950 wakubwa wakaamua kuongeza samaki: wakapandikiza sato na jamaa zake kutoka maji mengine. Sangara naye akaingizwa muongo huohuo, kwa hiyo nisimsingizie sato peke yake. Ila ngege leo ni wa kumtafuta kwenye viziwa vya pembeni, kama Kanyaboli kule Kenya, na hata huko wataalamu wamekuta damu yake imechanganyika na ya wageni.

Hapo ndipo penye siri ya jambo lenyewe. Mgeni hamli mwenyeji. Anagombania naye chakula na mahali pa kutagia, halafu anamwoa! Perege wa aina mbalimbali huzaliana, na watoto wao nao huzaa. Baada ya vizazi kadhaa mto bado umejaa samaki, wavuvi wanashangilia, kumbe mwenyeji amekwisha bila mzoga hata mmoja kuonekana.

Kituko ni kwamba ngege huyohuyo, aliyefukuzwa kwao, alipelekwa kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, mto Pangani, akawa yeye ndiye mgeni juu ya perege wa mto ule.

Na kwetu je? Wengi tunajua Ziwa Masoko kwa hadithi ya hela za Mjerumani zilizotupwa majini. Utajiri wake mwingine ulitangazwa mwaka 2015: watafiti waligundua kuwa samaki wadogo wa mle wanagawanyika kuwa aina mbili, madume ya ufukweni ya manjano, ya kilindini ya buluu, na mgawanyiko huo ni wa ndani ya miaka 1,000 hivi. Yupo pia perege wa Kyungululu, kiziwa cha volkano si mbali na hapa. Mjerumani Ernst Ahl alimwandika kitabuni mwaka 1924. Hapatikani kwingine popote duniani, na leo yumo katika orodha ya walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Ndoo moja tu ya vifaranga ikimwagwa mle, imetosha.

Mito yetu yote hii inateremkia Nyasa. Mwaka 2013 watafiti waliandika kwamba sato ameshaonekana katika maji ya bonde la Nyasa upande wetu, mahali ambapo hakuwahi kuwepo. Nilipojua hilo nilihesabu miaka. Hapana, si wale wa Mjomba, wetu walitoroka baadaye. Nilifarijika kwa dakika kama mbili hivi.

Mwezi uliopita nilikuta watoto wanavua kwenye kile kijito kwa ndoano. Mmoja akaniinulia perege wa kiganja kizima, anameremeta. Zamani ningemtazama ukubwa. Sasa nilimtazama mkia kwanza, maana sato mkia wake una mistari, kama shati la mfungwa.

Mistari ilikuwepo.