Marekani: Nani anahesabiwa kuwa raia wa taifa la Wacherokee?

Familia nyingi nchini Marekani, za weupe na za weusi, hurithishana simulizi kwamba bibi au babu wa vizazi vilivyopita alikuwa Mcherokee. Huenda simulizi hiyo ikawa ya kweli. Hata hivyo, kuwa na asili ya Kicherokee ni jambo moja, na kuwa raia wa taifa la Wacherokee ni jambo jingine, lenye sheria na mamlaka yake.

Serikali ya shirikisho ya Marekani inayatambua mataifa matatu ya Wacherokee. Mawili kati yake, Cherokee Nation na United Keetoowah Band, yana makao makuu mjini Tahlequah, katika jimbo la Oklahoma. La tatu, Eastern Band, liko North Carolina. Kutengana huko kulitokana hasa na uhamisho wa nguvu wa mwaka 1838 na 1839, Wacherokee wapatao 16,000 walipoondolewa katika nchi yao ya kusini mashariki na kupelekwa ng'ambo ya mto Mississippi. Inakadiriwa kuwa 4,000 kati yao walipoteza maisha katika masaibu hayo, yanayokumbukwa kwa jina la Njia ya Machozi. Baadhi walikuwa wamekwisha kutangulia magharibi, na wachache walifanikiwa kubaki milimani. Hao wa mwisho ndio chimbuko la Eastern Band.

Daftari tofauti, masharti tofauti

Mwaka 1978 Mahakama Kuu ya Marekani ilithibitisha kuwa kila taifa la wenyeji asilia lina haki ya kuamua lenyewe nani ni mwanachama wake. Cherokee Nation, lenye raia zaidi ya 450,000, humtaka mwombaji athibitishe kuwa ni mzao wa moja kwa moja wa mtu aliyeandikwa katika daftari la Tume ya Dawes. Halijali kiwango cha damu. United Keetoowah Band hutumia daftari la mwaka 1949 na hudai angalau robo ya damu ya Kicherokee. Eastern Band hutegemea daftari la Baker la mwaka 1924, na kiwango chake cha chini ni sehemu moja ya kumi na sita.

Majina ya daftari la Dawes yalikusanywa zaidi kati ya mwaka 1898 na 1907, ili ardhi iliyomilikiwa kwa pamoja igawanywe kwa mtu mmoja mmoja. Waliostahili kuandikwa ni wale walioishi katika eneo ambalo leo ni Oklahoma. Mcherokee aliyekuwa amehamia Texas au Arkansas kwa kawaida hakuandikwa, na kwa sababu hiyo wazao wake wanaweza kuwa na asili ya kweli bila kuwa na haki ya uraia.

Jinsi ya kufuatilia

Utafiti huanzia kwa mtafutaji mwenyewe na kurudi nyuma kizazi kimoja baada ya kingine, kwa vyeti vya kuzaliwa, ndoa na vifo. Sensa za mwaka 1900 na 1910 husaidia kujua familia iliishi wapi wakati daftari lilipoandikwa. Kulikuta jina linalofanana hakutoshi. Kila kiungo kati ya mwombaji na mhenga wake lazima kiwe na hati.

Vipimo vya vinasaba vya kutafuta asili havikubaliwi kuwa ushahidi. Kipimo kinaweza kuashiria asili ya wenyeji wa bara la Amerika, lakini hakitaji taifa wala jina la mhenga.

Wazao wa watumwa

Suala hili lina uzito wa pekee kwa watu wenye asili ya Afrika. Wacherokee matajiri walimiliki watumwa weusi, na baadhi ya watumwa hao walisafirishwa pamoja nao katika Njia ya Machozi. Mkataba wa mwaka 1866 na Marekani uliwapa walioachwa huru na wazao wao haki zote za Wacherokee. Tume ya Dawes iliwaandika katika orodha ya peke yao, bila kuonyesha damu ya Kicherokee, hata pale mmoja wa wazazi alipokuwa Mcherokee.

Mwaka 2007 wapiga kura wa Cherokee Nation walibadili katiba ili uraia uwe wa wenye damu pekee, hatua iliyowagusa wazao wapatao 2,800. Mwaka 2017 mahakama ya shirikisho iliamua kwamba mkataba wa 1866 ungali unawalinda, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Cherokee Nation iliamuru maneno ya damu yaondolewe katika katiba. Tangu hapo, mzao wa mtumwa aliyeachwa huru hutimiza sharti lile lile la kila mwombaji: kuonyesha, kwa hati, jina la mhenga wake katika daftari.