Radi ya Kaskazini: Mazoezi ya Hafr al-Batin, 2016

Tarehe 27 Februari 2016 majeshi ya nchi 20 za Kiarabu na za Kiislamu yalianza mazoezi ya pamoja huko Hafr al-Batin, kaskazini mwa Saudia, jirani na Iraki na Kuweti. Kwa Kiarabu yaliitwa Ra'd al-Shamal, yaani Radi ya Kaskazini. Neno la kwanza halimpi taabu msomaji wa Kiswahili, kwani radi yake imetoka hukohuko.

Mahali penyewe palikuwa na kumbukumbu chungu. Hapo ndipo kilipowekwa, tangu miaka ya 1980, kikosi cha Ngao ya Bara Arabu, jeshi la pamoja la nchi sita za Ghuba. Nacho hakikuweza kuizuia Iraki ilipoivamia Kuweti mwezi Agosti 1990.

Shabaha iliyotangazwa ilikuwa kupambana na magaidi na vikundi vya wapiganaji wasio wa serikali. Lakini Saudia ilikuwa imevunja uhusiano na Irani mwezi Januari, na Irani haikuwamo miongoni mwa walioalikwa. Baadhi ya magazeti yaliandika kwamba askari walikuwa 350,000, hesabu ambayo ni vigumu kuisadiki. Kilichohesabika bila shaka ni bendera: Moroko hadi Malesia, Senegali, Chadi, Sudani, Jibuti, hata Komoro, visiwa ambavyo lugha yao ni ndugu ya Kiswahili na ambavyo mizinga yao isingebadili vita yoyote.

Mfano wa Pakistani unafundisha zaidi. Mwezi Aprili 2015 bunge lake lilikataa kuingia katika vita ya Yemeni, ijapokuwa Saudia iliomba. Mwaka mmoja haujatimia, askari wake wakafika Hafr al-Batin, na waziri mkuu Nawaz Sharif akahudhuria gwaride la kufunga tarehe 10 Machi, pamoja na Mfalme Salman na Rais Sisi wa Misri. Kushiriki mazoezi kulikuwa njia ya kumridhisha mwenyeji pasipo kumwaga damu.

Tarehe 5 Juni 2017 Saudia, Falme za Kiarabu, Bahareni na Misri zilivunja uhusiano na Katari. Zote tano zilikuwa zimeshiriki Radi ya Kaskazini. Moritania na Komoro, washiriki pia, zikafuata upande wa Saudia siku chache baadaye. Askari wa Katari waliokuwa wakilinda mpaka wa Saudia na Yemeni wakarudi kwao. Mapatano hayakupatikana hadi Januari 2021, huko Al-Ula.