Kutoka Uchungu hadi Sifa: Vivumishi "Smati" na "-kali" katika Kibera na Kawangware

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yaliyokwisha kupokewa na Kiswahili cha Nairobi, kivumishi "smati" ni mojawapo ya yale yasiyopewa heshima yoyote na wataalamu wetu. Hakina sura ya istilahi, hakikuja pamoja na mashine wala sheria, na mwanafunzi akikitumia katika insha huchorewa mstari mwekundu. Hata hivyo, katika mitaa ya Kibera na Kawangware husikika kila siku. Makusudio ya makala haya ni kuonyesha kwamba Kiswahili cha mitaa hiyo kilikiazima kivumishi hicho kwa maana moja tu kati ya nyingi zilizokuwapo, na kwamba njia iliyopitiwa na neno hilo huko Uingereza kwa karne kadhaa imepitiwa upya hapa kwetu na neno la Kibantu, yaani "-kali".

Yatupasa tuanze na Uingereza. Katika Kiingereza cha Kale, "smeart" ilikuwa sifa ya kitu kiumizacho: kiboko, pigo, au jeraha linalochonyota. Jamaa zake wa karibu hawajaiacha maana hiyo. "Schmerz" ya Kijerumani ni maumivu, na "smart" ya Kiholanzi ni majonzi. Katika Kiingereza chenyewe, kitenzi cha mzizi huo hutumika hadi leo kwa jicho lililoingiwa na moshi. Kivumishi ndicho kilichohama. Pigo linalouma ni pigo la ghafla; kwa hiyo katika Enzi za Kati neno likaelekezwa kwenye wepesi wa kutenda, na kutoka hapo kwenye wepesi wa kujibu. Kufikia karne ya 17 maana ya kuwa na akili kali ilikuwa imekwisha kutia mizizi. Maana ya mavazi nadhifu ilichelewa. Ushahidi wake wa mapema katika maandishi ni wa mwaka 1718, na kwa muda mrefu ilikuwa maana ya jikoni na vyumba vya watumishi. Haikukaribishwa sebuleni kwa wenye mali mpaka karibu mwaka 1880.

Tarehe hiyo ya mwisho ina uzito kwetu kuliko zote. Himaya ya Afrika Mashariki ya Kiingereza ilitangazwa mwaka 1895, na reli ikafika Nairobi mwaka 1899. Waingereza walioshuka garimoshini walikuja na neno ambalo maana yake ya mavazi ilikuwa ndiyo kwanza imepata hadhi midomoni mwa watu wa tabaka lao. Hawakulileta neno lote. Walileta lile walilokuwa na haja nalo mbele ya watu waliowatawala.

Lilipita wapi hadi kutufikia? Kwa maoni yangu, njia zilikuwa mbili, na mitaa yetu miwili inazieleza vizuri. Kibera ilianza kama makao ya askari. Wanubi, wenye asili ya Sudani, walikaa hapo tangu mwaka 1904, nao ndio walioiita "kibra", neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Mwaka 1918 ardhi hiyo ilitangazwa rasmi kuwa ya jeshi. Hao walikuwa watu wa King's African Rifles, kikosi kilichoundwa mwaka 1902, ambacho lugha yake ya kuamrisha askari ilikuja kuitwa Kikeya. Katika gwaride, askari hukaguliwa kuanzia kofia hadi vifungo, na afisa Mwingereza ana neno moja la kusifu yote hayo. Kawangware nayo, ambayo jina lake hufasiriwa kuwa ni kumbukumbu ya kware, ilikuwa upande wa Dagoretti na iliingizwa katika mipaka ya Nairobi mwaka 1963. Inapakana na Lavington, mtaa wa nyumba kubwa na bustani. Wapishi, yaya na watunza bustani wamekuwa wakivuka mpaka huo kila asubuhi kwa vizazi kadhaa, nao pia hukaguliwa mlangoni.

Umbo la neno linaunga mkono dhana hii. "Smati" haina "r". Ni kama "kadi", "shati" na "pati", maneno yaliyoingia kwa sikio, yakifuata matamshi ya Waingereza wenyewe, wala si kwa kusomwa kitabuni. Tena haipokei kiambishi cha upatanisho. Twasema "kijana smati" na "vijana smati", kama vile tusemavyo "kijana hodari" na "vijana hodari". Aghalabu hutumika kama kielezi pia: "amevaa smati".

Maana iliyopokewa ni ya mavazi na mwonekano. Uchungu haukuja, na akili haikuja. Mzungumzaji wa Kawangware akisema kwamba fulani "yuko smati", hasemi kwamba ana akili. Wala hatuwezi kusema kwamba neno lilijaza pengo, maana tulikuwa na "safi", "nadhifu" na "maridadi". Tofauti yake na hayo ni ya ndani zaidi. Maridadi hujipamba kwa furaha yake, kwa mfano arusini. Nadhifu ni nadhifu hata akiwa peke yake. Smati ni yule anayetazamwa na mwenye uwezo wa kumpa au kumnyima kitu: karani wa ajira, mlinzi wa lango, mwalimu mkuu. Yafaa ikumbukwe jinsi sifa hiyo inavyopatikana. Katika nyumba isiyo na bomba, maji hununuliwa kwa mtungi. Nguo hupigwa pasi ya makaa. Mvua ikinyesha, viatu hubebwa mkononi hadi barabara ya lami ndipo vivaliwe. Nguo zenyewe hutoka sokoni Toi, ubavuni mwa Kibera, katika marobota ya mitumba. Mtu anayetoka humo akiwa smati amekwisha kufanya kazi ya saa nzima kabla ya kuanza kazi anayolipwa. Uchungu ulioachwa Uingereza haukupotea kabisa, ingawa hakuna kamusi itakayouandika.

Sasa tuitazame "-kali". Mzizi huu ni wa kale na umesambaa sana. "Ukali" wa Kinyanja na "bukhali" ya Kizulu ni ndugu zake. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inautumia kwa makali ya kisu, kwa ladha chungu, na kwa tabia ya mtu au mnyama atishaye. Pilipili kali, jua kali, baba mkali, mbwa mkali: yote ni mambo ya kuumiza. Lakini msikilize kijana wa Kibera leo. Kiatu kizuri ni "kiatu kikali", muziki unaopendeza ni "ngoma kali", na ajuaye hesabu ni "mkali wa hesabu". Kutoka kuumiza, neno limefika kwenye wepesi na ustadi, na kutoka hapo kwenye mavazi. Ni hatua zile zile za "smart", tena kwa mfuatano unaokaribiana sana. Hapana ushahidi wa kuiga, kwa sababu Kiingereza kilichofika hapa hakikuwa na maana ya uchungu katika kivumishi hiki. Tofauti moja ni ya sarufi: "-kali" hufuata ngeli kwa uaminifu, "viatu vikali", "watu wakali". Wale wanaodai kwamba vijana wa mitaa hii wameua upatanisho wangepaswa kueleza jambo hili.

"Jua kali" lina historia yake ya pekee. Mafundi waliofua mabati na kuunga vyuma bila paa juu ya vichwa vyao walipewa jina la kile kilichowachoma. Ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliochunguza ajira nchini Kenya ulitoa taarifa yake mwaka 1972, na tangu hapo wachumi wakawa na jina lao la kitaalamu kwa kazi za namna hiyo. Jina la mafundi wenyewe ndilo lililoshinda. Waraka wa serikali wa mwaka 1992 kuhusu biashara ndogo ndogo, ulioandikwa kwa Kiingereza, ulibeba "Jua Kali" katika anwani yake. Kivumishi cha maumivu kiliingia bungeni kikiwa kimevaa sare ya kiserikali, ingawa mtaani "kazi ya jua kali" huweza bado kuwa tusi kwa kazi iliyolipuliwa.

Kamusi zetu zimekuwa nyuma. Ireri Mbaabu na Kipande Nzunga walikusanya msamiati wa Sheng katika kamusi iliyochapishwa mwaka 2003, kazi ya kupongezwa. Lakini anwani yake ya Kiingereza inaiita lugha hiyo ya ulimwengu wa chini, kana kwamba wanaoisema ni wahalifu watupu. Maana mpya ya "-kali" haistahili kutengewa kamusi ya pembeni. Mahali pake ni katika kidahizo kile kile cha kisu na pilipili, ikipewa nambari yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati wa vita vya Vietnam, Wamarekani walianza kuyaita mabomu yanayojiongoza kwa kivumishi hiki hiki cha "smart", na baadaye simu zikarithi jina hilo. Kiswahili hakikusema "simu smati". Nafasi ilikuwa imekwisha kujazwa, na simu hiyo ingekuwa simu iliyovaa vizuri. Kilichoteuliwa ni "simujanja", kutokana na "-janja", sifa ambayo asili yake ni hila na udanganyifu. Nako Kawangware, kijana akiitwa "mjanja" na wenzake hakasiriki. Anayekasirika ni yule aliyeitwa "mshamba".