Asili na Nakala: Historia Fupi ya Kurejesha Faili za Mfumo wa Kompyuta

Wasomi wa miswada ya tenzi wajua kwamba nakala iliyopungukiwa ubeti haikamilishwi kwa kubuni. Hutafutwa asili yake, ubeti ukatolewa humo. Kanuni hiyo ndiyo iliyoongoza pia urejeshaji wa faili zilizopotea katika mfumo wa Windows, na historia yake yaonyesha jinsi asili ilivyoondoka polepole mikononi mwa mtumiaji.

Windows 95 ilipotolewa Agosti 1995, wanunuzi waliipata katika santuri au katika rundo la diski laini. Faili zake zilibanwa pamoja ndani ya faili kubwa zenye tamati ya CAB. Moja ilipopotea, haikulazimu mfumo mzima utiwe upya. Amri ya EXTRACT ilitosha kuichomoa. Katika Windows NT, faili iliyobanwa ilitambulikana kwa kistari kilichokaa mahali pa herufi ya mwisho ya jina lake, na amri ya EXPAND ndiyo iliyoikunjua.

Windows 98 ilileta kikaguzi kilichoomba santuri ya asili kila kilipoona kasoro. Windows 2000 ilizidi hapo: iliweka nakala za akiba katika kabrasha la dllcache, ikajirekebisha yenyewe. Hata hivyo, faili iitwayo NTLDR ilipokosekana, mashine haikuweza hata kuamka. Mtumiaji wa Windows XP, iliyotolewa mwaka 2001, alilazimika kuiamshia kwenye santuri na kunakili faili hiyo kutoka kabrasha la I386.

Ilipasa pia matoleo yalingane, kwani faili ya santuri ya zamani yaweza kutoafikiana na mfumo uliokwisha kusahihishwa, mfano wa neno la mswada wa kwanza lililochomekwa katika matini iliyohaririwa.

Baadaye watengenezaji wengi waliacha kutoa santuri, wakaiweka asili katika sehemu ya diski ile ile ya mashine. Diski hiyo ikifa, asili na nakala huangamia pamoja. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, amri ya DISM huweza kuzitafuta faili nzima kwa Microsoft kwa njia ya intaneti, ingawa bado yakubali kuelekezwa kwenye asili aliyonayo mtumiaji.

Ni dhahiri, basi, kwamba uhifadhi wa asili si jambo la mafundi peke yao. Asiye na asili hutengeneza chake kwa hisani ya mwenye nayo.