Masomo ya tarakilishi shule za msingi: Kifaa kilitangulia, mwalimu akafuata

MASOMO ya tarakilishi katika shule za msingi nchini hayana kipindi chake kwenye ratiba. Mtaala wa Umilisi (CBC), ulioanza kutekelezwa kote nchini Januari 2019, unautaja ujuzi wa dijitali kuwa mojawapo ya stadi saba za kimsingi ambazo kila mwanafunzi anapaswa kujipatia. Hata hivyo, unamtarajia mwalimu aupenyeze ujuzi huo ndani ya Hisabati, Kiswahili, Sayansi na masomo mengineyo. Mpangilio huu una hekima yake, kwani mtoto hujifunza mashine akiwa na jambo la kufanya nayo. Una hatari yake pia: kazi iliyoachiwa kila mwalimu ni rahisi ikose mwenyewe.

Safari ya kufikia hapo ilikuwa ndefu. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa 2002, lilikusanya tarakilishi zilizokwisha kutumika, likazikarabati na kuzipeleka shuleni. Shule za msingi za umma hazikuwa zikizungumziwa sana hadi kampeni za uchaguzi wa 2013, pale muungano wa Jubilee ulipoahidi kila mtoto wa Darasa la Kwanza kipakatalishi. Zabuni iliyopewa kampuni ya Olive Telecommunications ya India mnamo 2014 ilibatilishwa baada ya washindani wake kukata rufaa, na ahadi ikakwama.

Mnamo 2016 mpango huo ulifufuka kwa sura nyingine. Vipakatalishi viligeuka vishikwambi, na kazi ya kuviunda ikakabidhiwa vyuo vikuu viwili: Moi kwa ushirikiano na JP Sá Couto ya Ureno, na Jomo Kenyatta (JKUAT) kwa ushirikiano na Positivo BGH. Majaribio yalifanywa katika shule 150. Baadaye zaidi ya vifaa milioni 1 vilisambazwa katika shule zaidi ya 20,000, pamoja na projekta, vifaa vya walimu na seva ya kuhifadhia masomo yaliyotayarishwa mapema ili shule isiyo na intaneti isiachwe nyuma. Wanafunzi wenye ulemavu wa macho walitengewa mashine za kuchapa Breili. Umeme nao ulipelekwa shuleni kwa kasi ambayo haikuwa imeshuhudiwa awali, kwa nyaya za gridi au kwa miale ya jua. Huenda hilo ndilo tunda la kudumu zaidi la mpango wote.

Yaliyofuata hayakulingana na gharama. Katika shule nyingi vishikwambi vilifungiwa makabatini kwa hofu ya wezi, au vikabaki bila kutumika kwa sababu walimu hawakuwa wamepata mafunzo ya kutosha. Mwaka wa 2019 serikali ilitangaza nia ya kugeukia ujenzi wa maabara za tarakilishi. Kikwazo kingine kilikuwa mtihani. Watoto walioingia Darasa la Kwanza 2016 ndio waliokuwa kundi la mwisho kufanya KCPE, mnamo 2023, na mtihani huo haukuwa na karatasi ya somo la tarakilishi. Mwalimu aliyepimwa kwa alama za KCPE hakuwa na sababu kubwa ya kulifungua kabati.

Kenya haikuwa peke yake. Nchini Peru, vipakatalishi vya mradi wa One Laptop per Child, ambao pia ulifika Rwanda, vilichunguzwa na watafiti wa Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika katika shule 319 za mashambani. Ripoti yao ya 2012 ilisema kwamba baada ya takriban miezi 15 alama za Hisabati na lugha hazikuwa zimepanda, ingawa dalili za maendeleo zilionekana katika uwezo wa kufikiri. Watoto walipata mashine. Namna ya kufundishwa haikubadilika.

Darasani, adui wa kwanza ni saa. Kipindi cha madarasa ya chini ni dakika 30, na cha madarasa ya juu dakika 35. Kugawa vifaa, kuviwasha, kutafuta kilichoishiwa chaji na kuvirejesha kunaweza kumeza robo ya muda huo au zaidi. Mwalimu stadi huwapa viranja kazi hiyo kabla ya kengele kulia. Pale vifaa vichache vinapotumiwa na wengi, huwapanga watoto watatu watatu: mmoja ashike kipanya, wa pili asome maagizo, wa tatu akague, kisha wabadilishane. Asipowabadilisha kwa makusudi, mtoto mwenye pupa hukishika kipanya hadi mwisho na mwenye haya huondoka akiwa mtazamaji.

Mengi hufunzwa hata umeme ukipotea. Baobonye iliyochorwa kwenye kadibodi hutosha kumzoesha mtoto mahali pa herufi. Mantiki ya programu nayo hufunzwa kwa zoezi la kawaida: wanafunzi wamwandikie mwalimu maagizo ya kupika chai, naye ayafuate neno kwa neno. Aliyesahau kuagiza sufuria iwekwe mekoni humwona mwalimu akimimina maziwa mezani, au akijifanya anamimina. Kicheko kikiisha, darasa zima limekwisha kuelewa kwamba tarakilishi haikisii nia ya mtu.

Huo ndio msingi wa usimbaji, yaani sanaa ya kuiandikia tarakilishi maagizo. Seymour Papert na wenzake waliubunia watoto lugha ya Logo mnamo 1967, na tangu 2007 kumekuwapo Scratch ya chuo cha MIT, ambayo haina malipo na ambayo mtoto hupanga vipande vya maagizo mithili ya matofali bila kuchapa mengi. Nchini, Taasisi ya Kuendeleza Mitaala (KICD) iliidhinisha mtaala wa usimbaji wa kampuni ya Kodris Africa mnamo 2022. Shule za umma zisizo na vifaa vinavyofanya kazi bado ziko mbali na hatua hiyo.

Usalama haufai kusubiri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kukusanywa na kutumiwa, hivyo shule inayowasajili wanafunzi kwenye programu yoyote ya mtandaoni inapaswa kuwauliza wazazi kwanza. Mtoto naye afunzwe mapema kwamba nywila haigawiwi hata kwa rafiki wa dawati moja, na kwamba akikumbana na picha au ujumbe wa kumtisha, aiweke chini mashine na kumwita mwalimu bila hofu ya kukemewa.