Jalada la Fahrenheit 451: mtu wa karatasi anayeungua

Tukizungumzia vitabu hewani, huwa tunataja mwandishi na kumsahau aliyechora jalada. Leo tunaanza na mchoraji.

Fahrenheit 451 ni riwaya ya Mmarekani Ray Bradbury, iliyotolewa na Ballantine Books mwaka 1953. Ni hadithi ya kubuni kuhusu nchi ya siku zijazo ambako kumiliki vitabu ni kosa, na kazi ya zimamoto si kuzima moto bali kuuwasha. Jina lake ni kiwango cha joto ambacho, kwa maelezo ya mwandishi, karatasi hushika moto. Kwa vipimo tulivyozoea sisi ni kama nyuzi 233 za Selsiasi.

Jalada la kwanza lilichorwa na Joseph Mugnaini, mzaliwa wa Italia aliyekulia Marekani. Linaonyesha mwanamume aliyeinamisha kichwa, mkono mmoja ukiwa usoni. Mwili wake ni kama umeundwa kwa kurasa za gazeti, hujui nguo zinaishia wapi na ngozi inaanzia wapi. Amesimama juu ya vitabu, na miali ya moto inampanda. Mkono wake wa pili umeshika kitu kinachoonekana kama kofia ya zimamoto.

Itazame vizuri kofia hiyo. Bila kofia, huyu ni mtu tu aliyepatwa na moto. Akiwa nayo, anayeungua ni mchomaji mwenyewe. Mhusika mkuu wa riwaya, Montag, ni zimamoto anayeanza kuficha vitabu alivyotumwa kuviteketeza. Mchoraji ameyasema hayo yote bila kumharibia msomaji utamu wa hadithi. Majalada mengi ya riwaya za aina hii wakati huo yalijaa roketi na viumbe wa sayari nyingine. Hapa hakuna hata roketi moja, na kwa maoni yetu ndiyo sababu mchoro huu haujachakaa.

Picha hiyo ilikuwa na uzito wake mwaka ule. Wanazi walikuwa wamechoma vitabu hadharani mwaka 1933, jambo ambalo Bradbury alisema lilimuumiza tangu ujana wake. Marekani yenyewe, mwaka huohuo wa 1953, ilikuwa ikiviondoa baadhi ya vitabu katika maktaba zake za ng'ambo kwa hofu ya ukomunisti.

Wawili hao walikutana kupitia dirisha la duka la sanaa. Bradbury aliona kazi ya Mugnaini huko Beverly Hills, akaipenda, lakini bei ilimshinda. Akamtafuta mchoraji mwenyewe, na urafiki ukaanzia hapo.

Kuna kioja kimoja hatuwezi kukiacha. Nakala 200 za toleo la kwanza, zenye saini ya Bradbury, zilijalidiwa kwa asbesto ili zisishike moto. Leo asbesto inajulikana kusababisha saratani, kwa hiyo wanaozimiliki huzishika kwa tahadhari.

Mugnaini alichora pia The Halloween Tree ya mwaka 1972, na filamu fupi ya katuni waliyoshirikiana, Icarus Montgolfier Wright ya mwaka 1962, iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Alifariki mwaka 1992. Bradbury alimfuata mwaka 2012. Riwaya imepata majalada mengine mengi tangu hapo, lakini yule mtu wa karatasi bado hurudishwa.