Ni Ndege! Hapana, Ni Ndege!

Hebu chukua kalamu na karatasi, ndugu msomaji, tufanye kazi ndogo. Tafsiri kwa Kiswahili maneno yanayojulikana kupita yote katika filamu za zamani za katuni za Superman. Watu wamesimama barabarani. Mmoja ananyoosha kidole angani, anapiga kelele. Wa pili anadhani ni ndege, yule wa manyoya na mdomo. Wa tatu anambishia, eti ni ndege, ile ya injini na rubani. Umeiona shida? "Ni ndege! Hapana, ni ndege!" Msikilizaji atasema watu wa mji ule wamelewa tangu asubuhi.

Wazee wetu walikuwa na neno "eropleni", na hapa lingetuokoa. "Tazama angani! Ni ndege! Ni eropleni! Ni Superman!" Haya, inakubalika, ingawa sijui ni nani bado anasema eropleni isipokuwa babu.

Nimeanza na kichekesho, lakini maneno yale hayakutungwa ili kuchekesha, wala hayakutungwa kuwa pambo. Yalikuwa na kazi. Mimi ni kijana wa kidato cha nne ninayehangaika na mswada wa riwaya, na sehemu inayonitoa jasho kuliko zote ni mazungumzo. Wahusika wangu wakisema sana wananichosha, wakisema kidogo hawaeleweki. Ndiyo maana nikaanza kuyafungua maneno ya Superman kama mwanagenzi anavyofungua redio kuukuu, nione kila waya unakwenda wapi. Na kumbe nyaya nyingi zilikuwa zinakwenda kwenye redio kwelikweli.

Superman alizaliwa kwenye karatasi. Alitokea mara ya kwanza katika jarida la katuni la Action Comics, toleo la Juni 1938. Mwandishi alikuwa Jerry Siegel na mchoraji Joe Shuster, vijana wawili wa Cleveland, wote wamezaliwa mwaka 1914. Waliuza haki zote za mtu wao kwa dola 130. Ndiyo, dola 130, kwa wawili! Ilikuwa mpaka 1975, wakiwa watu wazima sana, ndipo kampuni ilipokubali kuwalipa pensheni na kurudisha majina yao kwenye kazi yao. Tuliache hilo, maana nikiliendeleza sitamaliza.

Kwenye karatasi hakuna haja ya mtu yeyote kupiga kelele barabarani. Msomaji ana macho, anamwona jamaa na joho lake jekundu, basi. Shida ilianza tarehe 12 Februari 1940, siku Superman alipoingia redioni, kituo cha WOR cha New York. Redio haina macho. Mtu akiruka angani redioni, utajuaje kwamba ameruka? Utasikia upepo unavuma, lakini upepo unaweza kuwa wa dirishani.

Walichofanya watunzi wale ni kuwakopa watu wa barabarani wawe macho ya msikilizaji. Wanakosea mara mbili kabla ya kupatia, na kukosea kwao ndiko kunakotuonyesha kitu: kiko juu, kina mwendo, kina ukubwa wa kutatanisha. Ukiwaondoa wale wawili waliokosea, ukamwacha yule wa mwisho peke yake aseme "Ni Superman", hutaona chochote. Na yeye mwenyewe akianza safari ilibidi aseme, "Juu, juu, nakwenda!" Mtu mwenye akili timamu hajitangazii safari yake hivyo. Lakini bila tangazo hilo msikilizaji angebaki chini.

Wale waliokulia na Pwagu na Pwaguzi ya Radio Tanzania watanielewa haraka. Kwenye redio, mtu asiyesema hayupo.

Sasa nije kwa sauti. Aliyemwigiza Superman redioni aliitwa Bud Collyer, mtu aliyesomea sheria kabla ya kuangukia kwenye uigizaji. Alikuwa na kazi ya watu wawili: Clark Kent, mwandishi wa habari mpole mwenye miwani, na Superman mwenyewe. Kent alimpa sauti nyembamba ya juu kidogo, ya mtu anayeomba radhi hata hajakosa. Superman alimpa sauti nzito ya kifuani. Ufundi mtupu uko katika sentensi moja: "Hii inaelekea ni kazi ya... Superman!" Anaianza akiwa Kent, anaimaliza akiwa Superman. Sauti inashuka katikati ya sentensi kama ndoo inavyoshuka kisimani, na hapo hapo, bila kuona shati likivuliwa wala miwani ikiwekwa kando, tunajua mtu amebadilika. Bahati nzuri Kiswahili hakikuharibu kitu hapo. Jina linabaki mwishoni, na pumzi inaingia mahali pake.

Nilijaribu kuisoma kwa sauti chumbani, dada akagonga mlango kuuliza ninaongea na nani. Nikasema naongea peke yangu. Akasema alisikia watu wawili.

Jina la Collyer halikutangazwa kwa muda mrefu. Watoto walitakiwa waamini kwamba anayesema ni Superman mwenyewe. Alijitokeza hadharani mwaka 1946 tu, kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Filamu za katuni zilifuata. Kampuni ya Paramount iliwataka ndugu wawili, Max na Dave Fleischer, waliokuwa na studio yao Miami, Florida. Dave hakuitamani kazi hiyo. Akataja bei ya kumkimbiza mteja, kiasi cha dola 100,000 kwa filamu moja ya dakika kumi hivi. Wakapatana kwenye 50,000, ambazo bado zilikuwa fedha nyingi mno kwa katuni ya wakati ule. Filamu ya kwanza ilitoka tarehe 26 Septemba 1941, ikapendekezwa kupewa tuzo ya Oscar. Mpaka 1943 zilikuwa zimetoka 17. Hatimiliki yake haikuhuishwa, kwa hiyo leo mtu yeyote anaweza kuziangalia bure, nami nimeziangalia zote.

Wakamchukua Collyer na Joan Alexander, sauti ya Lois Lane, kutoka redioni. Na sauti zilipokuja, zilikuja na maneno yake. Hapo mtu angeuliza: sasa kuna picha na rangi, hadhira inamwona mtu anaruka, ya nini tena kupiga kelele za ndege na eropleni? Kwa kanuni za darasani maneno yale yalipaswa kufa. Hayakufa. Yalihamishiwa mwanzoni mwa filamu, yakawa kama mlango wa nyumba. Ukishaingia, ndani kuna ukimya mzuri sana. Angalia ile ya majitu ya chuma yanayoiba vito, ya Novemba 1941, ambamo Kent anaingia katika kibanda cha simu kubadili nguo kwa mara ya kwanza. Ni muziki na vivuli vitupu, watu hawasemi ila pale panapobidi. Ni filamu yenye maneno machache kuliko barua ya mapenzi ya mtu mwoga, na kila neno unalikumbuka.

Lakini mlangoni pale kuna neno moja lililonisumbua wiki nzima. Mtangazaji anamsifu Superman kwamba ni mwepesi kupita risasi, ana nguvu kupita garimoshi, na anaweza kuruka maghorofa marefu kwa mruko mmoja. Kwa Kiswahili hakuna shida yoyote, maana kuruka ni kuruka. Panzi anaruka, mwewe naye anaruka. Lakini wenyewe wana maneno mawili, moja la panzi na moja la mwewe, na mtangazaji ametumia la panzi! Kwa nini, wakati dakika mbili baadaye tunamwona akiwa mwewe?

Sababu ni kwamba mwaka 1938 Superman alikuwa panzi kweli. Siegel alimpa uwezo wa kuruka umbali wa moja ya nane ya maili na kuvuka jengo la ghorofa ishirini, kisha atue kama sisi wengine. Kwenye karatasi mruko unapendeza, kwa kuwa picha imetulia. Kwenye filamu inayokwenda, mtu mzima anayedunda kutoka paa hadi paa anachekesha. Wachoraji wa Fleischer wakamwacha apae moja kwa moja. Lakini sentensi ya sifa ilibaki na mruko wake, kama kovu la ndui kwa mtu aliyepona zamani. Katika baadhi ya filamu za 1942 walibadilisha sifa zote, wakaweka radi, mawimbi na tufani. Hakuna anayezikumbuka. Watu wameshika risasi, garimoshi na ghorofa, kwa sababu hivyo ni vitu vya mtaani kwao, vya kila siku, na tufani ni ya mbali.

Tukitoka kwenye sifa tunafika kwenye kiapo, na hapa utani unapungua. Filamu za katuni zilisema Superman anapigana vita visivyokwisha kwa ajili ya ukweli na haki. Maneno mawili tu. Yanatafsirika vizuri, tena kwetu neno "haki" ni zito zaidi, maana mtu huapa kwalo. Mwaka 1942 Marekani ikiwa vitani, redio iliongeza la tatu: "na desturi ya Kimarekani". Mwaka huohuo serikali ya nchi hiyo ilianza kuwakusanya makambini watu wenye asili ya Japani wapatao 120,000, wengi wao raia, bila kuwashtaki kwa kosa lolote. Na mwezi Septemba ilitoka katuni ya Superman ambayo adui zake ni Wajapani wanaoiteka ndege kubwa ya mabomu. Ndugu wa Fleischer walikuwa wameshaondolewa. Paramount ilikuwa imeichukua studio na kuipa jina jingine, Famous Studios. Ukweli na haki vilitangazwa mlangoni kama kawaida.

Hata hivyo sitaki kuipaka redio ile matope yote. Vita vilipokwisha iligeuza mdomo. Juni 1946 ilianza hadithi ya sehemu 16 ambamo Superman anapambana na kundi linalowatesa watu wa rangi na dini nyingine, na kila mtu alijua anayesemwa ni Ku Klux Klan. Familia inayoshambuliwa humo ni ya Wachina. Mwaka huo ndio Collyer alipotoa jina lake hadharani, aisemee kampeni hiyo kwa kinywa chake mwenyewe. Katika sinema ya mfululizo ya 1948 kiapo kikawa ukweli, uvumilivu na haki. Televisheni ya 1952 ikairudisha desturi ya Kimarekani. Katuni za 1966, ambazo Collyer alirudi kuziigiza miaka mitatu kabla ya kufa, zikasema ukweli, haki na uhuru. Katika sinema ya 1978 Superman anakitaja kiapo chenye Marekani ndani yake, na Lois anamjibu kwamba basi ataishia kupigana na kila mwanasiasa aliyechaguliwa nchini. Oktoba 2021 wenye mali wakatangaza kwamba sasa ni ukweli, haki na kesho iliyo bora. Neno la tatu linakwenda na upepo unaovuma. Mawili ya kwanza hakuna aliyethubutu kuyagusa, ingawa kuyatimiza ni habari nyingine.

Imebaki filamu moja, ya Machi 1943, yenye jina la ngoma za msituni. Lois ameanguka na ndege iliyobeba hati za siri za jeshi. Wanazi wamejificha msituni humo katika sanamu kubwa ya mungu wa wenyeji, na wenyeji wanawatii. Lois anafungwa kwenye mti ili achomwe moto. Superman anakuja, unajua yaliyobaki. Mwishoni tunamwona Hitler mwenyewe akisikiliza redioni habari za kushindwa kwake.

Nilipanga kutafsiri mazungumzo ya filamu hiyo kama nilivyofanya nyingine. Lois ana maneno yake, tena ya ushujaa, kwa maana hakubali kutoa siri. Ofisa wa Kinazi ana yake. Kent ana yake. Wenyeji wako wengi kuliko wote, wanaujaza uwanja mzima, wanapiga ngoma na kucheza kuuzunguka moto. Hawakupewa jina hata moja, wala neno moja la kukumbukwa. Mtafsiri hana la kufanya.

Nimeiangalia mara nne. Mara ya nne nilifumba macho, nikaisikiliza kama mchezo wa redio. Lois nilimsikia. Collyer nilimsikia. Ndege za kivita nilizisikia, zile za injini. Ngoma nilizisikia vizuri, na kelele nyuma yake. Wapigaji hawakuwapo.